Mkaa, kuni na mti usio na bei

Gunia la mkaa linapofika mjini limeshabeba gharama za watu wengi. Kuna ujira wa aliyekata miti na kuifukia, kuna gunia lenyewe na kamba za kulifungia, nauli ya pikipiki au lori, ushuru wa halali, hongo ya njiani, faida ya mnunuzi wa jumla, kisha faida ya muuzaji anayepima kwa kopo. Kinachokosekana katika hesabu hiyo, au kimo kwa kiasi kidogo mno, ni mti. Aliyeukata hakuununua, na hata angetaka kuulipia asingejua amlipe nani. Ulisimama mahali panapoitwa pa wote, na pa wote mara nyingi hapana mwenyewe.

Mijadala mingi kuhusu nishati ya kuni na mkaa katika nchi zinazoendelea huruka jambo hili na kukimbilia majiko, mitungi ya gesi au marufuku. Kila kimoja kina nafasi yake. Lakini mti usio na bei hautunziki kwa amri, wala kwa teknolojia, wala kwa kampeni za kupanda miche siku ya sherehe. Ukilifuata jambo hilo hatua kwa hatua, utaona kwa nini sera nyingi zenye nia njema hukwama.

Ukubwa wenyewe wa matumizi si wa kupuuza. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), karibu nusu ya miti yote inayovunwa duniani huishia motoni, na barani Afrika ni kama asilimia 90. Mwaka 2015 dunia ilizalisha takriban tani milioni 52 za mkaa, na zaidi ya asilimia 60 zilitoka Afrika. Watu zaidi ya bilioni 2 hupika kwa kuni, mkaa na masalia ya mimea. Hata hivyo, katika mipango mingi ya nishati ya taifa, kurasa nyingi huenda kwenye umeme na mafuta, na kuni hupata aya chache zinazosema tu kwamba zitapungua.

Kuni ni kuni, mkaa ni mkaa

Takwimu huweka kuni na mkaa kapu moja, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoingia. Kaya ya kijijini inayopikia kuni, kwa kawaida huokota. Huchukua matawi makavu, miti iliyoanguka, vijiti vya shambani, mabua msimu wa mavuno. Mti mzima mbichi ni mzigo mzito kuukata, na haufai jikoni mpaka ukauke. Ndiyo maana vijiji vingi vimepika kwa kuni vizazi kwa vizazi bila msitu kwisha. Shida ya kuni ipo, ila aghalabu ni shida ya muda na afya: saa za kutembea, mizigo ya kichwani, moshi ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, kuni zikiwa sehemu kubwa ya chanzo chake, ilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Mkaa hufuata mantiki nyingine. Mchoma mkaa anahitaji magogo mengi mahali pamoja, kwa hiyo hukata miti iliyo hai, tena ile migumu na mizito, kwa sababu ndiyo inayotoa mkaa usiovunjika njiani na unaokaa jikoni. Anauza kwa mtu aliye mbali sana na msitu huo. Mji unapokua, watu huhama kutoka kwenye kuni kwenda kwenye mkaa, kwani mkaa ni mwepesi kubeba, hauozi, hauna moshi mwingi na hununuliwa kwa kiasi chochote cha fedha ulichonacho mfukoni. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu Tanzania ulionyesha kuwa kaya zinazotumia mkaa Dar es Salaam zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007. Miaka sita tu, tena katika kipindi ambacho uchumi ulikuwa unakua. Wengi walitarajia kwamba kipato kikiongezeka mkaa utaachwa. Badala yake, kipato kilipoongezeka kidogo, watu waliacha kuni na mafuta ya taa wakaingia kwenye mkaa.

Kutochanganya vitu hivi viwili kungeokoa fedha nyingi. Mradi wa kugawa majiko ya kuni vijijini unaweza kupunguza moshi na kuokoa muda wa akina mama, na hilo peke yake latosha kuuhalalisha. Lakini kuutangaza kama mradi wa kuokoa misitu, wakati msitu unaliwa na malori yaendayo mjini, ni kujidanganya.

Hofu ya miaka ya 1970 na kilichotokea

Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, wataalamu waligeuza macho kwenye nishati ya maskini. Walichukua idadi ya watu, wakazidisha kwa matumizi ya kuni kwa kichwa, wakalinganisha na ukuaji wa misitu kwenye ramani, wakapata pengo la kutisha. Pengo hilo walilirefusha kwenda mbele mpaka misitu ikaisha kwenye karatasi. Fedha za wahisani zikamiminika kwenye mashamba ya miti ya kuni, mengi yakiwa ya serikali, na mengi yakafa.

Misitu haikwisha kwa ratiba ile. Hesabu ilisahau miti iliyo mashambani na kandokando ya mipaka, ambayo haikuwa kwenye ramani za misitu. Ilisahau matawi makavu. Ilisahau kwamba kuni zikiwa mbali watu hupika kwa uangalifu zaidi, huchanganya mabua, hupanda miti yao. Zaidi ya yote, ilisahau kwamba kisiki huchipua. Miti mingi ya miombo, misitu inayotanda kutoka Tanzania hadi Angola na Msumbiji, ikikatwa hutoa machipukizi kutoka kwenye kisiki na mizizi iliyokwisha kushika ardhi. Msitu uliokatwa na kuachwa upumzike ni msitu mchanga. Kinachouua moja kwa moja ni jembe, moto wa kila mwaka na mifugo inayokula kila chipukizi.

Kutokana na hapo, wengine waliruka upande wa pili wakasema mkaa hauna hatia kabisa, kilimo ndicho kinachomaliza misitu. Hilo nalo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba upanuzi wa mashamba ndio sababu kuu ya misitu kutoweka katika nchi nyingi za tropiki. Lakini mkulima anayefungua shamba jipya mara nyingi huchoma mkaa wa miti aliyoiangusha, na fedha ya mkaa huo ndiyo inayomlipia mbegu na chakula hadi mavuno ya kwanza. Mkaa na shamba husaidiana. Na pale ambapo hakuna shamba linalofuata, mkaa huacha msitu uliodhoofika: miti mikubwa imeondoka, spishi bora zimepungua, ila ukitazama kwa setilaiti bado unaona kijani. Hasara ya namna hiyo ni ngumu kuipima na ni rahisi kuikana.

Kipimo chenye maana ni kingine: je, kinachovunwa kwa mwaka kimezidi kinachoota kwa mwaka, mahali hapo? Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, ukitumia takwimu za 2009, ulikadiria kuwa kati ya asilimia 27 na 34 ya kuni zilizovunwa katika nchi za tropiki zilivunwa kupita uwezo wa misitu kujirudishia. Kwa maneno mengine, kama theluthi mbili zilikuwa endelevu hata bila mtu kuzisimamia. Lakini wastani huo unaficha maeneo yenye hali mbaya kabisa, na utafiti uliyataja: Asia Kusini na Afrika Mashariki. Waliokuwa wakiishi kwenye maeneo hayo walikadiriwa kuwa watu milioni 275.

Hesabu hii ina upande wake wa kifedha. Miradi ya majiko inayouza upunguzaji wa hewa ukaa, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wenyewe, hulipwa kulingana na sehemu ya kuni inayodhaniwa kuwa si endelevu. Ukidai asilimia 90 badala ya 30, unauza mara tatu zaidi bila kuongeza hata jiko moja. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa 2024 ulipima miradi ya aina hiyo na kukuta kwamba upunguzaji uliouzwa ulizidi uhalisia takriban mara 9, na sehemu hiyo ya kuni isiyo endelevu ilikuwa miongoni mwa namba zilizotiwa chumvi.

Ndani ya tanuri

Sasa tuingie msituni, kwa sababu hasara kubwa kuliko zote hutokea huko na wanunuzi wa mjini hawaioni.

Kutengeneza mkaa ni kuunyima mti hewa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha tundu moja huachwa la kuwashia. Siku za mwanzo joto hutumika kukausha. Moshi hutoka mweupe na mzito kwa sababu kwa sehemu kubwa ni mvuke. Joto likifika karibu nyuzi 270 za selisiasi, mti huanza kuvunjika wenyewe na kutoa joto lake, hauhitaji tena kusaidiwa. Gesi na lami hutoka, kaboni hubaki. Moshi ukishakuwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva na matundu hufungwa. Mchoma mkaa mzoefu husoma rangi hiyo na kujua pa kuziba na pa kutoboa, usiku na mchana. Akisinzia na udongo ukapasuka, hewa huingia na mkaa ulioiva huungua kuwa majivu.

Tanuri la udongo la kawaida hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Miti ikiwa mibichi, sehemu yake huungua kwa ajili ya kuwakausha wenzake. Tanuri lililoboreshwa, mathalani lile la Casamance lililotokea Senegal, ambalo ni la udongo pia ila lina bomba la moshi la chuma linalozungusha joto ndani kabla ya kutoka, linaweza kufikia kilo 25 au zaidi kama magogo yamekaushwa na anayelisimamia ameujua mtindo.

Tofauti ya 15 na 25 inaweza kuonekana ndogo. Chukua kilo 100 za kuni kavu, zenye nguvu ya megajuli 1,600 hivi. Zikiwaka kwenye mafiga matatu, sufuria hupata asilimia 12, yaani megajuli 190. Zikifukiwa kwenye tanuri la asilimia 15, unapata kilo 15 za mkaa zenye megajuli 450. Zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya mti imepotelea msituni kabla gunia halijajazwa. Jiko la bati la kawaida hufikisha sufuriani asilimia 20 ya hiyo: megajuli 90. Kwa hiyo mpishi wa mjini, ambaye jiko lake linaonekana safi na la kisasa, anatumia mti mara mbili ya mpishi wa kijijini. Sasa weka tanuri la asilimia 25 na jiko banifu lenye bitana ya udongo linalofikisha asilimia 35. Kilo 100 zilezile zinatoa kilo 25 za mkaa, megajuli 750, na sufuriani zinafika 260. Mti umepika karibu mara tatu, na umewashinda hata wa mafiga.

Ukihamisha hesabu hiyo kwenye ardhi, inakuwa kubwa zaidi. Utafiti ule wa Benki ya Dunia ulikadiria kuwa Dar es Salaam ilikuwa ikitumia karibu tani nusu milioni za mkaa kwa mwaka. Tuseme msitu unaota tani 2 za mti mkavu kwa hekta kila mwaka, kiasi kisicho kigeni kwa miombo. Kwa tanuri la asilimia 15, mji huo ungehitaji hekta milioni 1.7 zilizotengwa kwa mkaa tu ili usile zaidi ya kinachoota. Kwa tanuri la asilimia 25, hekta milioni moja. Hekta laki saba zimeokolewa na bomba la moshi na subira ya kukausha magogo.

Basi kwa nini wachoma mkaa hawabadiliki? Mafunzo yametolewa nchi nyingi tangu miaka ya 1980, na mara nyingi mabomba hubaki yametupwa baada ya mradi kuondoka. Wafadhili huandika kwamba wenyeji wanahitaji kuelimishwa zaidi. Sidhani. Mtazame mtu mwenyewe. Mti ni bure, hivyo kuokoa mti hakumwongezei kitu. Akitaka mkaa zaidi anakata mti wa pili. Kilicho ghali kwake ni nguvu zake na muda. Kukausha magogo kwa wiki kadhaa ni wiki kadhaa bila chakula. Bomba la chuma linamfunga mahali pamoja, wakati yeye hana kibali na anaweza kufukuzwa kesho. Tanuri bovu ni chaguo la busara la mtu aliyewekwa katika mazingira hayo. Mpe mtu huyohuyo msitu wenye mipaka, ambao kila mti unaotoka una ada yake, na mavuno ya tanuri yatakuwa jambo la kwanza analouliza.

Marufuku

Serikali ikiona picha za visiki kwenye habari, jibu la haraka ni kupiga marufuku. Tanzania ilijaribu mwaka 2006 na haikudumu ila wiki chache. Chad ilipiga marufuku mkaa mwanzoni mwa 2009, bei ya kuni ikaruka Ndjamena na watu wakaingia mitaani. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018; bei ya gunia ikapanda sana mijini, na mkaa ukaendelea kuingia kutoka nchi jirani. Zuio hilo lilitangazwa kuondolewa mwaka 2023. Mwaka huohuo Uganda ilipiga marufuku biashara ya mkaa katika mikoa yake ya kaskazini, ambako sehemu ya mkaa wa masoko ya nje ya eneo hilo ilikuwa ikitoka.

Marufuku haipunguzi idadi ya sufuria zinazohitaji moto jioni. Inachofanya ni kubadilisha nani anauza. Mwenye leseni, ambaye jina lake linajulikana na anaweza kutozwa, anajitoa. Anabaki yule mwenye uwezo wa kusafiri usiku na kulipa njiani. Serikali inapoteza mapato na takwimu kwa pamoja: utafiti uleule wa Benki ya Dunia kuhusu Tanzania ulikadiria dola milioni 100 za mapato zilikuwa zikipotea kila mwaka kwa biashara hiyo kutokuwa rasmi. Mahali ambapo serikali yenyewe imedhoofika, pengo hilo huzibwa na wenye silaha. Ndiyo sababu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia nje ya nchi Februari 2012, kwani ulikuwa ukilijaza hazina kundi la al-Shabaab. Hiyo ni marufuku ya aina nyingine kabisa, ya kukata fedha za vita, na haifai kutolewa mfano wa kusimamia misitu.

Mti ukipata mwenyewe

Njia zilizoonyesha matumaini zinafanana kwa jambo moja: zilimpa mtu fulani haki ya kuuza mti ukiwa umesimama, na haki ya kumzuia mwingine asiuchukue bure.

Niger ilianza mapema. Sheria yake ya mwaka 1992 ilivipa vijiji haki ya kusimamia misitu inayovizunguka na kuendesha masoko ya kuni, kila soko na kiwango chake cha mavuno kwa mwaka. Ujanja wake ulikuwa kwenye kodi. Kuni zilizotoka kwenye soko la kijiji zilitozwa kidogo, zilizokatwa ovyo zilitozwa zaidi, na ukaguzi ulifanyika kwenye njia za kuingia mjini, ambako magari ni machache kuliko njia za msituni. Mfanyabiashara akawa na sababu ya mfukoni ya kununua kwa anayetunza. Sehemu ya fedha ilibaki kijijini. Mfumo ulidhoofika kila ukaguzi ulipolegea, na hilo linaeleweka: kijiji kinachotoza ada hakiwezi kushindana na lori lililojaza bure ng'ambo ya kilima.

Tanzania ina mfano wa karibu zaidi wilayani Kilosa, ambako tangu 2012 mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulivisaidia vijiji kutenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa. Msitu huo hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kinachokatwa kikipakana na kisichokatwa, mithili ya ubao wa drafti, na kila kitalu hupumzika miaka 24 kabla ya kurudiwa. Kingo za vyanzo vya maji haziguswi. Visiki having'olewi, na kitalu kilichozungukwa na msitu hupata mbegu na kivuli kutoka pande zote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kupanga na kubaki na ada, na fedha hizo zimejenga vyumba vya madarasa na huduma nyingine za kijiji. Faida isiyotajwa sana ni kwamba msitu unaoingiza fedha hupata watetezi kwenye mkutano wa kijiji siku mtu anapoomba kuufyeka awe na shamba la ufuta.

Miti ya kupandwa ni njia nyingine, na katika nchi yenye watu wengi na ardhi ndogo huwa ndiyo pekee. Rwanda hupata sehemu kubwa ya mkaa wake kwenye mikaratusi iliyopandwa na wakulima, kwa sababu misitu ya asili ililindwa, bei ya mti ikapanda, na mkulima akaona mteremko usiofaa viazi unaweza kumlipa. Brazili, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, hutumia mkaa kuyeyushia chuma, na sasa mwingi hutoka kwenye mashamba ya mikaratusi. Mikaratusi hunywa maji mengi na si ya kupandwa kila mahali, ila ubaya wake mara nyingi hukuzwa na watu ambao hawapiki kwa mkaa. Nchini Kenya kuna jambo la kufurahisha kidogo: mti wa mathenge, ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero ya wafugaji wa Baringo, umepata wateja wachoma mkaa. Ni mahali pachache ambapo kukata zaidi ni habari njema.

Mkaa mbadala wa vumbi, pumba na vifuu hufaa, hasa kwa taasisi na wafuga kuku, lakini malighafi yake imetawanyika na haiwezi kulisha mji mzima.

Gesi itakuja, lakini lini na kwa nani

Wengine watasema yote haya ni kupoteza muda, tuhamie gesi na umeme. Kuhama ni sahihi. Indonesia ilifanya hivyo kuanzia 2007, ikahamisha mamilioni ya kaya kutoka mafuta ya taa kwenda kwenye mitungi, kwa ruzuku nzito na bila kusita. Tanzania imeweka lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na imeanza na taasisi zinazolisha watu wengi, jambo la busara kwa sababu shule moja ina sufuria kubwa kuliko mtaa mzima.

Ila mtungi wa kwanza si mtungi wa pili. India ilitoa mamilioni ya miunganisho ya gesi kwa kaya maskini kuanzia 2016, na kaya nyingi zikajaza mara chache kuliko ilivyotarajiwa, zikirudi kwenye kuni katikati. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata. Mwenye jiko huitikia kila badiliko: gesi ikipanda, mkaa hutolewa uvunguni. Kaya nyingi huwa na majiko mawili au matatu, gesi kwa chai, mkaa kwa maharage. Kwa hiyo hata nchi inayofanikiwa na gesi itakuwa na wapikaji wa mkaa kwa miongo kadhaa, na msitu wa miaka hiyo unahitaji msimamizi sasa.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ambalo naliona zito kuliko mengine. Ukiupa mti bei, mkaa utapanda, na atakayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja anayenunua kopo kwa siku. Ni kweli, lakini kiasi chake kinategemea jinsi inavyofanywa. Kwenye bei ya rejareja, sehemu kubwa ni usafiri na faida za wapatanishi, na ada ya mti, hata ikiwekwa sawasawa, inaweza kufidiwa na tanuri linalotoa mkaa zaidi kwa mti uleule na jiko linalotumia kopo moja pale palipotumika mawili. Zaidi ya hayo, mnunuzi huyo tayari analipia usimamizi usiokuwepo. Kila kizuizi ambacho lori lisilo na kibali hupita kwa mkono wa siri kimo ndani ya kopo lake. Fedha hiyo ikilipwa kwa kijiji kwa stakabadhi, bei mjini inaweza kubaki palepale, ila inahitaji wakaguzi wa barabarani wakubali kupoteza kipato ambacho hakiko kwenye mishahara yao.